Usisubiri deni liishe ndo utafute msaada

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo. Nimepewa dakika 20 na mimi nikishika maiki huwa siachii kirahisi, kwa hiyo mwenye saa hapo mbele akiona nimepitiliza akohoe tu, nitaelewa.

Nianze na msemo ambao wote tunaujua, dawa ya deni kulipa. Huo msemo ulinipotezea karibu miaka 2. Sio kwamba ni uongo, ni kweli kabisa, deni halitibiki kwa kubadilisha laini ya simu, nimejaribu. Shida ni jinsi nilivyouelewa, mimi niliuelewa hivi: kwanza lipa, ukishamaliza kulipa ndo una ruhusa ya kuumwa. Nilikuwa na sonona, ule ugonjwa wa akili wa huzuni nzito isiyoisha, na kila nilipoona hali yangu sio, kichwani inakuja hesabu ile ile, yaani nikampe mtu hela ya kunisikiliza nikilia wakati kuna watu wananidai na wao wanalia bure? Nikaona ni anasa. Nikaona mtu anayedaiwa hana haki ya kwenda kwa mshauri nasaha, ni sawa na kudaiwa huku unanunua viatu vipya.

Basi nikasubiri deni liishe. Halikuisha, liliongezeka, na nitawaambia kwa nini liliongezeka, maana hapo ndo penye hotuba yenyewe, mengine yote ni maelezo.

Nilikuwa naweka simu kifudifudi. Mtu aliyewahi kudaiwa anaelewa, hauiweki simu kioo kikiangalia juu, unailaza kifudifudi na unaitoa mlio, halafu hata ikitetemeka juu ya meza moyo unaruka. Namba ngeni sipokei. Baadaye hata namba ninayoijua sipokei, maana huyo naye anaweza kuwa katumwa. Bahasha zikija naziweka kwenye droo sijafungua, droo ikajaa, nikahamia droo ya chini. Usiku silali, asubuhi siamki. Kuoga ikawa mradi mkubwa. Kazini nakosea vitu ambavyo navifanya kwa miaka, nikapunguziwa majukumu na kipato kikapungua. Hapo sasa nakopa huku kulipa kule, mikopo ile ya kwenye simu inayokupa hela kwa dakika 2 na kukutesa miezi 6, na sikusoma hata riba kwa sababu sikuwa na kichwa cha kusoma. Kwa hiyo deni lilileta sonona na sonona ikaongeza deni, zikawa zinapeana zamu.

Na sio mimi peke yangu. Mwaka 2013 walitoka watafiti wakajumlisha tafiti nyingi za madeni na afya ya akili, wakakuta watu wenye madeni wana uwezekano zaidi ya mara 3 wa kuwa na tatizo la afya ya akili kuliko wasio na madeni. Nini kilianza hawakuweza kusema, na mimi nadhani kwa mtu aliye ndani hilo swali halina maana sana, ukiwa unazama huulizi maji yameingilia wapi. Mwaka huo huo wa 2013 kuna wengine walichapisha kazi waliyofanya na wakulima wa miwa India, wakawapa mafumbo ya akili kabla ya mavuno wakiwa wamekaukiwa na hela, na baada ya mavuno wakiwa nazo. Watu wale wale. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Yaani kubanwa na hela kunakula ile sehemu ya kichwa ambayo ungeitumia kujinasua. Sasa unapomwambia mtu mwenye sonona na madeni ajipange kwanza alipe ndo atafute msaada, unamwambia atumie kifaa ambacho ndo kimeharibika.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja, tafuta msaada sasa hivi ukiwa bado unadaiwa, na hela usione aibu kuitaja, itaje mwanzoni kabisa.

Lakini utajuaje ni sonona na sio uchovu tu wa maisha? Kuna fomu ndogo ya maswali 9, inaitwa PHQ-9, ni bure, haiombi kibali cha mtu, na hata ya Kiswahili ipo. Inauliza wiki 2 zilizopita ni mara ngapi umekosa hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda, umejisikia huna matumaini, usingizi umekukataa au umezidi, umeona wewe ni mtu wa kushindwa, na mengine ya namna hiyo. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla kubwa kabisa ni 27. Ukifika 10 na kuendelea nenda kaonane na mtu wa afya. Haikupi jibu la mwisho, hilo ni la mtaalamu, ila inakupa kitu cha kushika mkononi, kwa sababu ukifika mbele ya daktari ukaulizwa unasumbuliwa na nini utasema kichwa kinauma. Mimi nilisema mgongo! Nikapewa dawa ya mgongo nikarudi nyumbani. Mara ya pili nikaenda na fomu nimeijaza, namba yangu ilikuwa 19, nikaisukuma mezani bila kusema neno na yule daktari akaisoma, akaweka kalamu chini.

Swali la 9 linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba bora ufe au ujidhuru. Hapo naomba niseme taratibu. Kama jibu lako sio sifuri, haya mengine yote ya bei na foleni yaache kwanza, mwambie mtu leo, usibaki peke yako usiku huu, na kama unaona unaweza kufanya kitu nenda idara ya dharura ya hospitali yoyote iliyo karibu, hilo ni dharura kama mshtuko wa moyo ulivyo dharura. Laini za simu za kusikiliza watu wenye mawazo hayo zipo nchi nyingi. Na kama kuna mtu kakwambia anawaza hivyo, usimhubirie kuhusu deni, kaa naye. Mdai hata awe mkali vipi anasubirika.

Haya, bei. Watu wengi tunadhani ushauri nasaha ni ofisi yenye kiyoyozi na sofa na mtu anayelipwa kwa saa, tunaona hiyo picha tunageuza. Hiyo ni njia moja na ndo ghali kuliko zote. Ya kwanza kujaribu ni kituo cha afya cha umma au daktari wa kawaida unayeendaga kwake, kwa sababu sonona ni ugonjwa unaotibiwa hata na watu wa afya ambao sio mabingwa wa akili, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake tangu 2008 kwa lengo hilo hilo, kuwafundisha manesi na madaktari wa kawaida. Ya pili ni vyuo vikuu vinavyofundisha saikolojia na ushauri, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanahitaji watu wa kuwahudumia chini ya uangalizi wa walimu wao, na mara nyingi malipo ni kidogo au hakuna. Najua mtu anasema mimi nikawe wa kufanyiwa mazoezi? Mimi nilihudumiwa na mwanafunzi. Alikuwa ananiandalia kila kikao kama anaenda kwenye mtihani, maana kweli ulikuwa mtihani, na nyuma yake kulikuwa na mwalimu anayekagua kila alichofanya. Kwenye hela niliyokuwa nayo nisingepata umakini ule popote.

Kuna waajiri wana mpango wa ushauri kwa wafanyakazi na vikao vichache vinalipiwa, wengi wetu hatujui kwa sababu karatasi ile tulisaini siku ya kuanza kazi bila kusoma. Kuna mashirika ya kujitolea. Kuna viongozi wa dini, na hapo natofautiana kidogo na baadhi yenu, nawaheshimu sana na wapo waliosomea ushauri, ila akikwambia hii ni imani ndogo acha dawa, mshukuru, aga, ondoka.

Na kuna watu wa kawaida waliofundishwa. Hili wengi hawaliamini kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Zimbabwe mwaka 2006 daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda alianza na bibi 14, akina mama watu wazima wa mtaani, wakafundishwa, wakawekewa mabenchi nje ya kliniki, mgonjwa anakaa benchi moja na bibi anaongea. Waliliita Friendship Bench, benchi la urafiki. Kwa Kishona hali yenyewe wanaiita kufungisisa, kuwaza kulikopitiliza, na nadhani hakuna mdaiwa anayehitaji kutafsiriwa hilo neno. Matokeo ya majaribio yalichapishwa 2016, wagonjwa 573, nusu walipata benchi na nusu huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, na baada ya miezi 6 waliokuwa bado na dalili za sonona kwenye kundi la benchi walikuwa kama 14 kwa kila 100, kundi lile lingine karibu 50 kwa kila 100. Na wanachofanya pale sio uchawi, mgonjwa anataja matatizo yake yote, anachagua moja, moja tu, wanatafuta njia za kulishughulikia, anaondoka na hatua ya kwenda kufanya, anarudi kusema ilikuaje. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2016 lilitoa utaratibu unaofanana na huo, vikao 5 tu, unaendeshwa na mtu asiye mtaalamu ila kafundishwa na anasimamiwa. Kwa hiyo ukiambiwa mshauri uliyepangiwa sio daktari usikimbie, uliza kafundishwa nini, nani anamsimamia, na ukizidiwa anakupeleka wapi. Akijibu hayo matatu bila kukasirika kaa.

Sasa kama umepata mshauri wa kulipia na unamtaka huyo huyo, uliza bei. Jamani uliza bei! Kitu kingine chochote tunauliza bei mpaka muuzaji anachoka, ila tukifika kwa mtu wa afya ya akili tunakuwa mabubu, tunaona kuuliza ni kujidhalilisha, tunaenda kikao cha kwanza tunalipa kwa hela ya kukopa halafu haturudi tena na mshauri hajui kwa nini. Washauri wengi wana bei inayoshuka kulingana na kipato, ila hawaibandiki mlangoni, inabidi uiulize. Mimi niliandika ujumbe nikaufuta mara 6. Wa saba ndo niliutuma, bado ninao, nawasomea:

"Habari. Nina dalili za sonona na nina madeni. Naweza kulipa kiasi hiki kwa mwezi, siwezi kuzidisha. Je mnaweza kunipangia kwa kiasi hicho, hata kwa kikao kimoja kwa wiki mbili au kwa kikundi? Kama hamuwezi naomba mnielekeze panapowezekana."

Basi. Hakuna samahani, hakuna hadithi ya jinsi deni lilivyoanza. Niliutuma sehemu 5. Wawili hawakujibu mpaka leo, mmoja alisema hana nafasi, mmoja alinitajia bei yake kamili kama vile hajasoma, na wa tano ndo alinielekeza kule chuoni. Hiyo sentensi ya mwisho ya mnielekeze ndo ilifanya kazi yote, kwa sababu mtu aliyeshindwa kukusaidia anajisikia nafuu akikuelekeza kwa mwenzake.

Kikao kimoja kwa wiki 2 badala ya kila wiki kinapunguza gharama nusu, ila mwambie mshauri akupe kazi ya kufanya katikati, vinginevyo unasahau. Kikundi ni rahisi kuliko kukaa wawili na mimi niliogopa sana kikundi mpaka nilipomsikia mzee mmoja anaeleza anavyolaza simu kifudifudi. Kwa simu unaokoa nauli. Ila hela ya ushauri usiikope, hapo niko mkali, mtu akikwambia lipia vikao 12 kwa mkupuo leo upate punguzo na wewe huna, huyo tafuta mwingine. Na anayeahidi kukuponya kwa siku 3, mnamjua, ni ndugu yake yule anayeahidi kukufutia deni ukimtumia kwanza ada ya kufungua faili.

Dawa. Wengine mtaandikiwa dawa na wengine hamtahitaji. Ukiandikiwa mwambie daktari hali yako ya mfuko, kuna dawa za sonona za zamani zisizo na jina la kampuni, kama fluoxetine, ambazo ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na kwa kawaida ni nafuu kuliko zenye jina kubwa. Hazifanyi kazi siku hiyo hiyo, zinachukua wiki kadhaa, watu wengi wanaacha wiki ya pili wakisema hazina kitu. Na usiziache ghafla kwa sababu hela imeisha, rudi useme hela imeisha, hilo nalo ni jambo la kumwambia daktari.

Sasa deni lenyewe. Mshauri nasaha sio mhasibu na wangu aliniambia hivyo siku ya kwanza. Lakini kikao cha 3 akaniuliza ile droo ina bahasha ngapi. Sikujua. Akasema hiyo ndo kazi yako ya wiki hii, sio kulipa, kufungua tu, na usifungue peke yako. Nikamwita dada yangu. Nilikaa kitandani kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu, yeye akakaa chini na kisu kidogo, anafungua, anasoma kimya, anaweka kwenye mafungu. Hakuna alichosema kwa muda mrefu. Halafu akacheka. Nikakasirika, nikamwambia unacheka nini. Akasema we mdogo wangu, hizi 9 zote ni barua moja, wamebadilisha tarehe tu. Na bahasha mbili hazikuwa za deni kabisa, moja ilikuwa kalenda. Tukaandika kwenye karatasi moja, nani ananidai, kiasi gani, riba gani, tarehe gani. Jumla ilikuwa kubwa, siwadanganyi, ila ilikuwa kama theluthi mbili ya ile niliyokuwa nailala nayo kichwani. Miaka 2 naogopa deni ambalo theluthi yake sikuwa nadaiwa na mtu.

Ile karatasi nilienda nayo kwa wadai. Wengine walikubali kupunguza marejesho na kurefusha muda, mmoja alikataa katakata na kutukana juu. Nilipiga simu zile dada akiwa amekaa pembeni, na sentensi ya kwanza nilikuwa nimeiandika kabla. Uliza pia kama kwenu kuna washauri wa madeni wa bure, nchi nyingi wapo chini ya mashirika ya hisani, na uliza sheria yenu inasemaje kuhusu mdaiwa anayeumwa. England na Wales kwa mfano tangu 2021 kuna utaratibu ambao mtu aliye kwenye matibabu ya dharura ya afya ya akili wadai wanasimamishwa, riba na faini nyingi zinasimama, muda wote wa matibabu hayo na siku 30 juu yake. Sio kila nchi ina hilo. Ila cheti cha daktari kinachosema uko kwenye matibabu ni karatasi yenye uzito kwenye mazungumzo na mdai, kiombe hata kama hujui utakitumia wapi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na mimi nilikuwa nimeficha viwili kwa mpigo, maradhi na deni, nikificha kimoja ili kingine kisijulikane. Mke wangu alijua deni akadhani siumwi, daktari alijua naumwa akadhani sidaiwi. Hakuna aliyekuwa na picha nzima, na wote walikuwa wananisaidia nusu.

Nasikia mtu anakohoa, nimeelewa.

Mtu aliuliza kabla sijapanda hapa kama nimemaliza kulipa. Bado. Nimebakiza wadai wawili, yule aliyetukana ni mmoja wao, tarehe 5 kila mwezi namtumia chake na ananijibu sawa. Vikao nilimaliza, mwaka jana nikarudi vitatu maana nilianza tena kuona droo ina raha yake. Pale nyuma karibu na mlango nimeweka fomu za maswali 9 na nitakuwepo mpaka ukumbi ufungwe. Anayetaka tuandike ule ujumbe aje na simu yake, na kama imelala kifudifudi mfukoni mwake nitaijua tu.